"Yako Imeingia?" Safari ya marejesho ya kodi Marekani na mahali yanapokwama

Kila mwaka, ikifika wiki ya pili ya Februari, salamu hubadilika miongoni mwa watu wetu walioko Marekani. Mtu hakuulizi tena baridi ya huko kwenu ikoje. Anakuuliza, "Yako imeingia?" Wala huhitaji kuuliza ni nini kilichoingia. Ni pesa za taksi, rifandi, marejesho ya kodi. Kwa familia yenye watoto watatu, baba akiwa kiwanda cha nyama na mama akisafisha vyumba vya hoteli, hiyo ndiyo fedha nyingi kuliko zote itakayoingia benki kwa mkupuo mwaka mzima. Ndiyo gari, ndiyo kumaliza deni la tiketi ya ndege walilokuja nalo kama wakimbizi, ndiyo ada ya mdogo wao aliyebaki kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda.

Kisha mmoja anajibu, "Ya kwangu imeingia jana," na jirani yake aliyetuma ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, siku ileile, kwa mtu yuleyule wa taksi anayejazia watu fomu hizo, bado anaambiwa na simu kwamba ombi lake linashughulikiwa. Hapo uvumi unaanza. Mmoja atasema ni bahati. Mwingine atasema mwaka huu wameshika pesa za wahamiaji. Wa tatu atakuambia siri ni kutuma Jumanne usiku.

Nimekaa misimu kadhaa kwenye meza ya kujitolea, nikisaidia watu kujaza ritani zao, na ninachoweza kusema ni kwamba tofauti kati ya majirani hao wawili karibu kila mara iko kwenye karatasi. IRS, yaani mamlaka ya mapato ya Marekani, haikai ikasoma habari zako kama hakimu. Kompyuta yake inachukua ulichoandika na kukilinganisha na walichoandika wengine kuhusu wewe: mwajiri wako, ofisi ya Social Security, kampuni ya bima, ndugu yako aliyemwandika kama mtegemezi wake mtoto uliyemwandika wewe. Vikilingana, pesa zinatoka. Visipolingana, ritani inatolewa kwenye foleni na kuwekwa pembeni, na kila pembe ina kalenda yake.

Pesa zenyewe zinatoka wapi

Tangu 1943 mwajiri wa Marekani hukata kodi kwenye mshahara kabla haujakufikia. Anakata kwa makadirio, akifuata fomu ya W-4 uliyoijaza siku ya kwanza kazini huku ukiharakishwa na mtu wa ofisi. Mwaka ukiisha, unapiga hesabu halisi kwenye ritani. Kama ulikatwa zaidi ya ulichodaiwa, kilichozidi unarudishiwa. Kwa wastani marejesho ya miaka ya karibuni yamekuwa zaidi ya dola 3,000, na kwa walio wengi hiyo ni pesa yao wenyewe iliyokuwa kwa serikali bila riba.

Lakini familia niliyoitaja hapo juu iko tofauti kidogo. Sehemu kubwa ya rifandi yake si kodi iliyokatwa kupita kiasi. Ni nafuu mbili ambazo serikali hulipa hata mtu asiyedaiwa kodi yoyote. Ya kwanza ni EITC, iliyoanzishwa 1975 kwa ajili ya wanaofanya kazi na kupata kipato kidogo. Kwa mwaka wa kodi 2025, mwenye watoto watatu au zaidi anaweza kupata hadi dola 8,046. Ya pili ni nafuu ya watoto, dola 2,200 kwa kila mtoto kwa mwaka huohuo, na kati ya hizo hadi 1,700 zinaweza kulipwa taslimu hata kama kodi yako imefika sifuri.

Shika tofauti hiyo, maana ndiyo mzizi wa mengi yanayofuata. Kodi iliyokatwa inathibitishika kirahisi kwa sababu mwajiri amesharipoti. Nafuu inategemea maneno yako: kwamba watoto ni wako au ni wa ndugu yako, kwamba waliishi nawe, kwamba hakuna mwingine aliyewaandika. Kompyuta haina njia nyepesi ya kujua nani alilala nyumba gani.

Siku 21, lakini kuanzia lini?

IRS husema kwamba marejesho mengi, takriban tisa katika kila kumi, hutoka ndani ya siku 21 kwa aliyetuma kwa mtandao na kutaka pesa ziingie benki moja kwa moja. Watu wameichukua kauli hiyo kama ahadi. Ni makadirio tu, na hesabu yake inaanza siku ritani ilipopokelewa na mfumo. Siku uliyotoka ofisini kwa mtu wa taksi na risiti mkononi haihesabiki.

Ukituma, ritani hupita kwanza kwenye kizingiti. Mfumo unaangalia kama jina na namba ya sosho, yaani ya Social Security, vinaendana, kama mtoto huyo hajaandikwa na mtu mwingine, kama sahihi ya kielektroniki imekubalika. Jibu hurudi kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili: imekubaliwa au imekataliwa. Ikikataliwa, ni kana kwamba hukutuma kitu. Nimempokea mama aliyesubiri wiki tano, akipiga simu kila Jumatatu, kumbe ritani yake ilikataliwa usiku uleule wa kwanza. Ujumbe ulikwenda kwenye barua pepe ya aliyemtengenezea, naye alikuwa na wateja mia nyuma yake.

Watu wetu wanakataliwa sana kwa sababu ya majina. Mfumo wa Marekani unataka jina la kwanza na la ukoo, na unachukua herufi nne za mwanzo za jina la ukoo kama ufunguo. Sasa chukua mtu anayeitwa Byamungu. Kwenye makaratasi ya kambi jina liliandikwa kwa kukatwa, Bya Mungu. Kadi ya sosho ikafuata makaratasi ya kambi, Bya ikahesabiwa jina la kati na Mungu jina la ukoo, hivyo ufunguo wake ukawa MUNG. Mtu wa taksi anaandika jina kama lilivyo kwenye leseni ya udereva, ufunguo unakuwa BYAM, na ritani inarudi. Hali ni hiyohiyo kwa bibi arusi aliyechukua jina la mume bila kwenda ofisi ya Social Security kulibadilisha, na kwa aliyepata uraia akatumia nafasi hiyo kurekebisha jina, kisha akasahau kadi ya zamani kwenye pochi. Dawa yake ni ya kuchosha lakini haina siri: andika jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kadi ya sosho, hata kama limekosewa, halafu nenda ukalirekebishe huko lilikotoka.

Kwa nini mwenye watoto anasubiri kuliko kijana asiye na mtoto

Hili linawaudhi wengi na sijawahi kuona likielezwa vizuri kwa Kiswahili. Desemba 2015 Baraza la Congress lilipitisha sheria iitwayo PATH. Ilianza kutumika kwa marejesho ya msimu wa 2017, na inasema kwamba ukidai EITC, au ile sehemu ya nafuu ya watoto inayolipwa taslimu, IRS hairuhusiwi kutoa rifandi yako kabla ya 15 Februari. Inazuiwa yote, hata ile sehemu iliyo kodi yako mwenyewe.

Sababu yake ni pengo lililokuwapo la kalenda. Zamani wafanyakazi walipewa W-2 zao, yaani karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka na kodi iliyokatwa, mwisho wa Januari, lakini waajiri walikuwa na muda zaidi wa kuipelekea serikali nakala. Katika wiki hizo za katikati IRS ililipa kwa imani tupu. Wezi waliotumia namba za watu wengine walijua hivyo, wakawa wanatuma ritani za uongo siku ya kwanza ya msimu, na nakala ya mwajiri ilipofika pesa zilikuwa zimeshakwenda. Sheria mpya ikafanya mambo mawili kwa pamoja: waajiri wapeleke W-2 serikalini kufikia 31 Januari, na IRS ishikilie marejesho yenye nafuu hizo hadi ipate nafasi ya kulinganisha.

Matokeo yake kwako ni haya. Msimu hufunguliwa wiki ya mwisho ya Januari. Mwaka 2025 ulifunguliwa tarehe 27. Mwenye watoto akituma siku hiyo na mwingine akatuma 5 Februari, wote wawili watategemea pesa mwishoni mwa Februari au siku za kwanza za Machi. Kukimbilia kutuma siku ya kwanza hakukununulii kitu. Kijana anayeishi peke yake na asiyedai EITC anaweza kupata zake katikati ya Februari akawa anatamba, na hakukuvuka kwa ujanja wowote. Hakuwa kwenye foleni yako.

W-2 iliyosahaulika

Hapa nitajitaja mwenyewe. Mwaka wangu wa pili nchini nilikuwa na kazi tatu. Mbili nilizikumbuka vizuri. Ya tatu ilikuwa ghala moja nililofanyia wiki sita kupitia wakala wa vibarua, kisha nikahama mtaa. W-2 yao ilikwenda anwani ya zamani. Mtu aliyenitengenezea ritani aliniuliza swali moja tu, "Zote hizi?" nikasema ndiyo. Wakala, kwa upande wake, alikuwa ameshapeleka taarifa serikalini. Ritani yangu ikasema kipato hiki, kumbukumbu za serikali zikasema kingine. Nilisubiri hadi Juni, na kilichokuja kilikuwa pungufu, kikiambatana na barua ya kueleza marekebisho.

Watu wetu wengi hufanya kazi kwa kuhamahama hivyo, na mara nyingi huandikwa na wakala. Jina lililo mlangoni pa kiwanda si lile lililo kwenye hundi ya mshahara. Kwa hiyo kabla ya kutuma, kaa chini uhesabu kila mahali ulipolipwa tangu Januari hadi Desemba, hata kwa wiki moja. Na ile karatasi ya mwisho ya malipo usiigeuze W-2 kwa sababu tu unaharakia kutuma. Tarakimu zake mara nyingi hutofautiana na zile za W-2 yenyewe.

Karatasi nyingine inayosahaulika sana ni 1095-A, kwa walionunua bima ya afya kwenye soko la serikali na kupunguziwa bei. Punguzo lile lilikuwa malipo ya awali ya nafuu nyingine ya kodi, na lazima lifanyiwe hesabu kwenye ritani. Likiachwa, ritani inakataliwa mlangoni au unaletewa barua ya kuulizwa, na saa inasimama hadi ujibu.

Barua ambazo watu hutupa

Kinachoniuma zaidi ni bahasha. Familia inasubiri miezi minne, inakuja mezani, naomba kuona barua zozote zilizofika. Wananiletea mfuko wa plastiki. Ndani yake, katikati ya matangazo ya piza na ya bima ya gari, imo barua ya IRS ya mwezi wa tatu ambayo haikufunguliwa.

Mara nyingi inakuwa 5071C au 4883C. Namba hiyo iko kwenye kona ya ukurasa, juu au chini. Barua hizi zinasema: tumepokea ritani yenye jina lako, lakini hatuna hakika ni wewe uliyeituma, thibitisha. Hadi uthibitishe hakuna kitakachosogea. Hakuna mtu aliyekaa na faili lako akitafakari. Uthibitisho unafanyika mtandaoni au kwa simu, na ikishindikana unapewa miadi kwenye ofisi yao. Uwe na ritani ya mwaka huu na ya mwaka uliopita mbele yako, kwa sababu maswali yatatoka humo. Ukishathibitisha, hesabu nyingine inaanza: wanaomba hadi wiki tisa. Ndiyo, tisa. Zile 21 sahau.

Kiingereza kikiwa kigumu, ukipiga simu omba mkalimani wa Kiswahili. Huduma hiyo ni ya bure na ina lugha zaidi ya 350. Na kwa kuwa matapeli nao wanajua msimu, kumbuka kwamba IRS huanza kwa barua ya posta. Anayekupigia WhatsApp akisema rifandi yako imekwama na umtumie gift card ndipo itoke, huyo ni mwizi.

Watoto

Sasa tufike penye kina kirefu. Mtoto mmoja anaweza kuandikwa na mtu mmoja tu kwa mwaka, na kwa EITC lazima awe ameishi nawe ndani ya Marekani zaidi ya nusu ya mwaka. Kanuni hii inagongana moja kwa moja na jinsi sisi tunavyolea. Mtoto wa dada yuko kwako wiki za shule na kwa bibi yake likizo. Wazazi wametengana, baba analipa matumizi kila mwezi na anaona ana haki ya kumwandika. Mjomba anamwandika kwa nia njema, "ili zile pesa zisipotee," bila kumwambia mama yake. Wote wawili wanatuma. Wa pili anakataliwa mlangoni, au wote wawili wanaandikiwa barua waeleze nani amekosea. Tangu msimu wa 2025 aliyetanguliwa na mwingine kumwandika mtoto anaweza bado kutuma kwa mtandao kama ana namba ya siri ya utambulisho inayotolewa na IRS, ya tarakimu sita. Kabla ya hapo ilibidi atume kwa karatasi, na karatasi ni safari nyingine kabisa.

Kisha kuna watoto walioko Afrika. Unawalisha, unawalipia shule Kakuma au Kigoma, unatuma pesa kila mwezi. Kwa sheria ya kodi ya Marekani, mtoto asiye raia wa nchi hiyo na anayeishi nje ya Marekani, Kanada na Mexico hawezi kuandikwa kama mtegemezi wako. Najua inavyouma kusikia hivyo. Na anayekuambia "tutaandika tu, hawawezi kujua" hataweka jina lake kwenye hatari hiyo, ataweka lako. Ukionekana umedai EITC kwa uzembe unafungiwa miaka miwili usiidai tena, na kwa udanganyifu miaka kumi.

Ukichaguliwa kukaguliwa, barua yake huwa CP75, na rifandi inashikiliwa wakati wa ukaguzi. Kinachotakiwa ni ushahidi wa mambo mawili: undugu na makazi. Undugu ni vyeti vya kuzaliwa, vyako na vya mtoto, na kwa mpwa wako inabidi mnyororo ukamilike, yaani cheti cha mtoto kinachomtaja mama yake, pamoja na chako na cha mama huyo vinavyoonyesha mna mzazi mmoja. Hapo ndipo waliotoka Kivu wakiwa na karatasi moja ya UNHCR wanapokwama, hasa kwa kuwa kwetu ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu ya ukoo tofauti. Makazi ni rahisi kidogo: barua ya shule yenye jina la mtoto, jina lako, anwani yenu na tarehe, au barua kama hiyo kutoka kliniki. Hakikisha anwani ile inalingana na iliyo kwenye ritani. Nimeona kesi ikivutwa miezi miwili zaidi kwa sababu shule ilikuwa na anwani ya nyumba waliyohama.

Zimetoka, lakini hazijafika

IRS yenyewe huidhinisha tu. Anayelipa ni idara nyingine ya Hazina, na kabla haijalipa inaangalia kama unadaiwa: matunzo ya mtoto, mkopo wa elimu wa serikali kuu, kodi ya jimbo, posho ya kukosa kazi uliyolipwa kwa udanganyifu. Deni likikutwa, linakatwa humo na salio ndilo linalokufikia, pamoja na barua ya maelezo. Mke ambaye rifandi ya pamoja imemezwa na deni la mume la kabla ya ndoa anaweza kudai sehemu yake kwa fomu 8379. Akiituma kwa mtandao pamoja na ritani inachukua kama wiki 11, kwa karatasi 14.

Halafu kuna benki. IRS hairuhusu zaidi ya marejesho matatu kuingia akaunti moja. Kwa nyumba ambayo kaka mkubwa ndiye mwenye akaunti na wadogo wote wanaitumia, la nne halitaingia humo, na kwa miaka mingi liligeuzwa hundi ya posta. Na hundi zenyewe zinaondoka: kwa amri ya Rais ya Machi 2025, serikali ilianza kuachana nazo kuanzia 30 Septemba mwaka huo. Kama huna akaunti yenye jina lako, huu ndio wakati wa kuifungua.

Ukikubali ada ya mtengenezaji ikatwe kwenye rifandi, pesa hazikuji moja kwa moja. Zinapita kwanza benki ya katikati iliyoajiriwa na kampuni yake, inakata ada yake na ya benki, ndipo zinakujia. Unalipia huduma ya kuchelewa. Angalia pia namba ya akaunti iliyoandikwa kwenye nakala yako. Kama hutambui tarakimu zake, uliza kabla hujaondoka. Na kama mtu huyo hasaini ritani wala kuweka namba yake ya usajili, chukua karatasi zako uende kwingine. Ofisi za kujitolea za mpango uitwao VITA zinafanya kazi hiyo bure kwa wenye kipato cha chini na cha kati.

Karatasi

Ritani ya karatasi inafunguliwa na mtu, inapangwa na mtu, na kwa miaka mingi ilichapwa na mtu tarakimu kwa tarakimu kwenye mfumo ambao asili yake ni miaka ya 1960. Ofisi zilipofungwa kwa ajili ya korona 2020, barua zilirundikwa kwenye matrela. Msimu wa 2021 ulipomalizika, ritani zaidi ya milioni 35 zilikuwa zinasubiri kuguswa na mkono wa binadamu, nyingi kwa sababu watu walikosea kuandika zile pesa za msaada wa korona walizokwisha kupokea. Kukosa kulingana, tena. Mrundikano ule ulichukua muda mrefu kwisha, na mwaka 2025 IRS ilipunguza kama robo ya wafanyakazi wake. Sitatabiri kitu, ila nisingetuma karatasi.

Kusoma dalili

Ukurasa wao wa kufuatilia rifandi una hatua tatu: imepokelewa, imeidhinishwa, imetumwa. Unahitaji namba ya sosho, hali yako ya ndoa kama ulivyoiandika, na kiasi kamili cha rifandi hadi dola ya mwisho. Unabadilika mara moja kwa siku, usiku. Kuufungua mara kumi mchana ni kujichosha.

Wanaotaka kuona ndani zaidi hufungua akaunti kwenye tovuti ya IRS na kusoma muhtasari wa kumbukumbu zao, ambako kila tukio lina namba. 150 ni ritani imeingizwa. 570 ni kwamba kuna kizuizi. 971 inamaanisha barua imetumwa, basi kaa karibu na sanduku la posta. 571 kizuizi kimeondolewa. 846 ndiyo kila mtu anayoitafuta, maana ina tarehe ya malipo kando yake. Usishtuke na 570 peke yake. Wakati mwingine huondoka baada ya wiki bila wewe kufanya lolote.

Jambo moja usilifanye kabisa: usitume ritani ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa. Unajitengenezea kutolingana na wewe mwenyewe. Kama umegundua kosa, subiri ya kwanza ipite, kisha tuma fomu ya marekebisho, 1040-X, ambayo huchukua wiki 8 hadi 12 na wakati mwingine 16.

Siku 21 zikipita na hakuna barua, ndipo simu ina maana. Kama kuchelewa kunakuletea dhiki ya kweli, mfano notisi ya kuhamishwa nyumba au kukatiwa umeme, kuna ofisi ya utetezi wa walipa kodi ndani ya IRS yenyewe, na kila jimbo lina angalau moja. Unaiomba kwa fomu 911, ukiambatanisha ile notisi. Wengi hawajui pia kwamba ofisi ya mbunge wa eneo lako ina mtu wa kufuatilia kesi kama hizi, na hakuulizi kama ulimpigia kura au kama una haki ya kupiga kura. Utasaini kibali tu, ili waruhusiwe kuuliza kwa niaba yako.

Na riba ipo. IRS ina siku 45 za kulipa bila gharama, zikihesabiwa kuanzia 15 Aprili kwa aliyetuma mapema, hata kama alituma Januari. Zikitoka baada ya mwisho wa Mei, wanakulipa riba, ambayo kwa mwaka 2025 ilikuwa asilimia 7 kwa mwaka, na inakuja yenyewe bila kuombwa. Watu hufurahi sana wakiiona. Mwaka unaofuata wanarudi mezani kwangu na karatasi ndogo ya 1099-INT wasiyoijua, nami nawaeleza kwamba ile riba waliyolipwa kwa kucheleweshewa ni kipato, na inakatwa kodi.